Saa Moja

Anselm aliondoka Jumanne, bila kelele.
Kule Graz akazima kompyuta, akaenda kwenye nyanya zake,
na kisanduku chake kwenye kioo kikabaki cheusi,
jina tu chini yake, kwa herufi ndogo,
kama kibandiko kwenye kabati la mtu aliyehama.

Makao makuu yakaandika: mrithi mtamjua.
Miezi minne. Hatukumjua.

Tulibaki watatu na mito kumi na saba.
Rayén yuko Valdivia, ambako mvua ya Julai haibishi hodi.
Steinunn yuko Akureyri, hufuma sweta huku akisikiliza,
nasi huzisikia sindano zake, tik, tik,
zikikataa jambo kabla mdomo haujakataa.
Mimi Solongo, ghorofa ya nne, Ulaanbaatar,
chai ya maziwa na chumvi,
na jirani anayetoboa ukuta tangu theluji ya mwaka jana.
Hatujawahi kushikana mikono.
Rayén namjua kuanzia mabega kwenda juu.

Wahenga walisema mafahari wawili hawakai zizi moja.
Hawakutaja mitamba watatu wasio na zizi.

Mwanzo tulishindwa, nisifiche.
Betri ya kipimo kimoja ilikufa Ijumaa;
mimi nikadhani Steinunn kaona,
Steinunn akadhani ni zamu ya Rayén,
Rayén akadhani nimeshaandika.
Siku mbili mto ulipita gizani
nasi tukautazama mstari ulionyooka
tukausifu kwa utulivu wake.

Baada ya hapo tulikubaliana neno.
Si cheo, si kura. Neno: Nimepokea.
Asiyeliandika hajapokea.
Asiyepokelewa, halali.

Usiku ule, au mchana ule, sijui niuiteje:
kwa Rayén saa saba na dakika ishirini, giza totoro,
kwangu saa saba na dakika ishirini, jua la utosi,
nambari ileile, dunia imefudikizwa kama sufuria.
Mto Pichilanco ukapanda sentimita arobaini kwa robo saa.
Nikampigia Rayén. Simu ikalia, ikalia, ikachoka.
Na king'ora kilikuwa na kanuni yake ya zamani:
kwa idhini ya kiongozi.
Nikakitazama kisanduku cheusi.
Kisanduku cheusi kikanitazama.

"Steinunn, unaona ninachokiona?"
Sindano zikanyamaza.
Yeye anajua maji yanavyodanganya, kazaliwa chini ya mlima wa barafu;
mimi najua nambari, na kijiji kile nakijua kwa ramani tu,
nyumba ishirini na tisa, kila moja nukta ya kijivu.
"Kipimo cha juu nacho kimepanda. Si jani lililonasa."
"Nibonyeze?"
"Usiniulize kama bosi. Niulize kama jicho la pili."
"Unaona?"
"Naona."
Nikabonyeza.

Sikusikia kitu.
King'ora kinalia upande wa pili wa dunia
na kwangu ni keekee ya jirani tu.

Maji yalifika uwanja wa mpira, yakameza goli moja,
yakaingia nyumba nne, yakaondoka na kondoo watatu
na jokofu la mtu, jipya, lingali na karatasi yake.
Watu walikuwa mlimani na mablanketi, wanatulaani.
Laana zile zilinifikia. Nilizisoma mara mbili kwa furaha.

Rayén alikuwa hospitali, mwanawe ana pumu, simu ndani ya koti.
Nililiogopa swali: nani alikuruhusu?
Aliandika maneno mawili.
Nimepokea. Kapumzike.

Makao makuu bado yanatafuta jina la kuweka juu ya orodha.
Yametutumia fomu.
Steinunn ameigeuza, nyuma yake anahesabia mishono.

Sasa sikiliza, Rayén. Mto wa tano una tope, uangalie.
Wa tisa unasema uongo tangu adhuhuri, usiuamini peke yako, muulize Steinunn.
Mengine shwari.
Hapa ni saa moja, jua bado limekalia dohani.
Huko kwako ni giza, na mvua, na saa moja.
Chukua.